Lowell hadi Roma na Napoli kwa dola 3,200: pasipoti mbili, tiketi moja

Swali: "Mimi na mume wangu tunaishi Lowell, Massachusetts. Yeye ana pasipoti ya Marekani, mimi bado natumia pasipoti ya Kenya pamoja na green card. Tunataka kwenda Italia kwa wiki moja, kati ya mwisho wa Januari na Machi. Tumetenga dola 3,200 kwa wote wawili. Nimeona tiketi za bei ya chini sana kupitia London na Dublin. Tuzichukue? Na tukae miji mingapi?"

Dada, tiketi za London na Dublin ziacheni. Bei mliyoiona ni ya kweli, lakini kwa pasipoti uliyo nayo tiketi hizo si za kutegemea. Uingereza na Ayalandi haziko katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Viza ya Italia haikuruhusu kuingia Uingereza wala Ayalandi: Dublin Mkenya anahitaji viza akitaka kuvuka dirisha la uhamiaji, na London upo msamaha wa kupita bila viza kwa mwenye green card, lakini una masharti na uamuzi ni wa ofisa wa mpakani. Bei hizo za kuvutia mara nyingi ni tiketi mbili zilizounganishwa kwa mkono: shirika moja linakuleta London, jingine la bei nafuu linakupeleka Roma, pengine kutoka uwanja mwingine kabisa wa jiji hilohilo. Hapo ni lazima utoke nje, uchukue mabegi, ujiandikishe upya. Mumeo atavuka, ilmradi ameomba mapema kibali cha kielektroniki ambacho Uingereza sasa inawadai Wamarekani. Wewe unaweza kuzuiwa mapema zaidi, kwenye kaunta ya Boston, kwa sababu shirika linalompakia abiria asiye na viza hutozwa faini na kulazimika kumrudisha.

Kuna tatizo la pili ambalo halihusu pasipoti. Tiketi zikiwa mbili, ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni nawe. Linakuandika kuwa hukutokea, na nauli imekwenda. Kwa hiyo hata kama siku moja utakuwa na pasipoti ya Marekani, tiketi mbili zinafaa tu pale unapolala usiku mmoja katikati, au pale unapoweza kununua nyingine bila kuumia.

Mnachohitaji ni tiketi moja, yenye namba moja ya uhifadhi, inayopitia uwanja ulio ndani ya Schengen: Lisbon, Madrid, Paris, Amsterdam, Frankfurt, Munich, Zurich au Reykjavik. Au ndege ya moja kwa moja. Delta na ITA Airways zimekuwa zikiruka Boston hadi Roma bila kusimama, ingawa majira ya baridi safari hupungua na bei yake hupanda juu kidogo ya zile za kuunganisha.

Viza kabla ya kila kitu

Watu wengi wenye green card huamini kwamba inawafungulia Ulaya kama inavyowafungulia Kanada. Haifanyi hivyo. Mkenya mwenye green card anahitaji viza ya Schengen kama Mkenya aliyeko Nairobi, tofauti ni kwamba anaiombea Marekani. Na kuolewa na Mmarekani hakupunguzi ada wala masharti. Nafuu hiyo ni ya wenzi wa raia wa Umoja wa Ulaya.

Ombi linaweza kuwasilishwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na kwa kanuni si chini ya siku 15 kabla. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu zifike 45. Kinachowakwamisha watu zaidi ni miadi ya kupeleka karatasi: nafasi zinaweza kujaa kwa wiki kadhaa. Kwa safari ya mwanzo wa Machi, tafuta miadi ya Desemba. Unaomba kupitia ubalozi mdogo unaohudumia jimbo unaloishi, na kwa mkazi wa Massachusetts huo ni ule wa Boston. Usijaribu kuombea New York kwa sababu tu umeona nafasi huko.

Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na juu yake kuna malipo ya huduma ya kituo kinachopokea maombi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku mtakayotoka Ulaya. Andaa picha ya milimita 35 kwa 45, nakala ya green card pande zote mbili, barua ya mwajiri inayotaja ruhusa ya likizo na tarehe ya kurudi kazini, hati za mshahara, taarifa za benki za miezi 3, cheti cha ndoa, uthibitisho wa malazi kwa kila usiku, na bima ya safari yenye kinga ya angalau euro 30,000 kwa matibabu na kurejeshwa nyumbani, inayofanya kazi Schengen nzima. Bima hiyo isianze siku moja baada ya kuwasili wala isiishe siku moja kabla ya kuondoka. Kosa hilo dogo hurudisha maombi mengi.

Angalia majina. Wake wengi waliobadilisha jina Marekani wana green card yenye jina la mume huku pasipoti ya Kenya ikibaki na jina la baba. Tiketi iandikwe kama pasipoti ilivyo, maana viza itabandikwa humo, na cheti cha ndoa usafiri nacho kwenye begi la mkononi kwa ajili ya kurudi. Na kama pasipoti ina majina matatu, yajaze yote matatu.

Sasa swali gumu: tiketi inunuliwe kabla ya viza au baada? Ubalozi unataka kuona uhifadhi wa kwenda na kurudi, lakini hakuna anayekuhakikishia viza. Jibu langu ni kununua daraja la kawaida la uchumi moja kwa moja kwenye tovuti ya shirika, na kulikwepa lile la chini kabisa linaloandikwa Basic au Light. Kwa safari zinazoanzia Marekani, mashirika mengi makubwa huruhusu tiketi ya kawaida ibadilishwe au igeuzwe kuwa salio la safari nyingine bila adhabu. Lile la chini kwa kawaida hupotea lote. Tofauti huwa dola 80 hadi 150 kwa mtu. Kwa mumeo peke yake ningesema achukue la chini. Kwa wewe unayesubiri viza, hizo dola mia ndizo bima yako halisi, kwa hiyo nyote mchukue la kawaida ili msitenganishwe. Kabla ya kulipa, soma masharti ya nauli hiyohiyo kwenye ukurasa wa malipo: ipo tofauti kati ya kubadilisha tarehe bure na kurudishiwa pesa.

Kutafuta na kukata tiketi

Kwanza chagueni wiki. Massachusetts ina kitu ambacho wageni hawakijui: likizo ya shule ya Februari, wiki ya Presidents' Day. Wiki hiyo familia nusu ya jimbo zinaruka, na bei kutoka Logan, uwanja wa ndege wa Boston, hupanda. Pasaka nayo ikiangukia mwisho wa Machi, Roma hujaa na hoteli huongeza bei kuanzia Jumapili ya Matawi. Zinazobaki ni wiki za mwisho wa Januari, siku za mwanzo wa Februari, na nusu ya kwanza ya Machi. Mimi ningechukua Machi: mchana umerefuka, mvua si ya kila siku, na koti jepesi linatosha.

Ondokeni Jumatano jioni, mfike Alhamisi, mrudi Jumatano inayofuata. Katikati ya wiki nauli huwa chini kuliko Ijumaa na Jumapili, na mnapata usiku 6 hotelini huku mkipoteza siku 5 tu za kazi.

Tafuta kwenye Google Flights ukitumia kalenda ya bei, si tarehe moja. Washa taarifa za mabadiliko ya bei kwa tarehe mbili au tatu mnazozitaka. Usihangaike kufuta historia ya kivinjari au kununua saa nane za usiku Jumanne. Nauli hubadilika kwa sababu viti vya bei ya chini vimeuzwa au vimeongezwa, si kwa sababu umetazama mara tano. Kwa majira haya, kutoka Boston hadi Italia kwenda na kurudi, tiketi ya daraja la kawaida iliyo kati ya dola 550 na 650 ni nzuri. Ikishuka chini ya 550, lipa siku hiyohiyo. Ikizidi 750, sogeza tarehe.

Mkishalipa mna saa 24. Kanuni ya Marekani inalitaka shirika la ndege likuruhusu kufuta na kurudishiwa pesa zote ndani ya saa 24, au likushikilie bei kwa muda huo, mradi umekata tiketi kwake moja kwa moja na siku ya kuruka iko mbele kwa siku 7 au zaidi. Itumieni: kateni, kisha jioni kaeni pamoja mkague majina, tarehe na muda wa kuunganisha. Mawakala wa mtandaoni hawabanwi na kanuni hiyo kwa namna ileile, na ndege ikibadilishwa ratiba utajikuta unapigiwa danadana kati ya wakala na shirika. Tofauti ya dola 20 haifai usumbufu huo.

Msitafute Boston–Roma–Boston pekee. Kwenye kisanduku cha utafutaji chagueni miji mingi, muweke Boston–Roma kwenda na Napoli–Boston kurudi. Kwa mashirika makubwa ya Ulaya yenye safari za viwanja vyote viwili, bei mara nyingi hukaribiana na ile ya kurudia Roma, na mnaokoa treni ya kurudi pamoja na karibu nusu siku. Msikate tiketi mbili za upande mmoja. Hizo kuvuka Atlantiki mara nyingi ni ghali kuliko kwenda na kurudi. Na msiache kutumia kipande chochote: mkiacha kipande cha kwanza, mfumo hufuta vyote vinavyofuata.

Muda wa kuunganisha ndipo nisipokubaliana na mashine. Tovuti itawauzia dakika 65 Lisbon bila aibu. Lakini pasipoti zenu zitakaguliwa hapo, si Roma, kwa sababu ndipo mnapoingia Schengen. Tangu 12 Oktoba 2025 mipaka hiyo imekuwa ikihamia kwenye mfumo wa kielektroniki badala ya mhuri: mumeo atapigwa picha ya uso na kuchukuliwa alama za vidole, wewe alama zako tayari zimo kwenye mfumo wa viza, utapigwa picha ya uso. Usajili wa mara ya kwanza unachukua muda, na asubuhi ndege kadhaa za Marekani hutua karibu wakati uleule. Msichukue chini ya saa mbili na nusu wakati wa kwenda. Wakati wa kurudi saa mbili zinatosha, kwani mnapita udhibiti wa kutoka na wakati mwingine maswali ya ziada ya usalama kwa safari za Marekani.

TAP, shirika la ndege la Ureno, huruhusu kusimama Lisbon hadi siku 10 bila kuongeza nauli ya msingi. Inavutia, na viza yako inaruhusu. Kwa siku 7 ningeikataa.

Kuhusu kwenda uwanja wa JFK, New York, kufuata bei ya chini: piga hesabu ya basi, chakula, na uwezekano wa kulala huko mkichelewa kurudi. Kama hamwokoi angalau dola 150 kila mmoja, bakini Logan.

Jambo moja la haki zenu. Kwa kanuni ya Ulaya namba 261 ya 2004, ndege inayoondoka Ulaya, ya shirika lolote, ikiwafikisha mwisho wa safari mkiwa mmechelewa saa 3 au zaidi kwa kosa la shirika, kuna fidia. Kwa umbali wa zaidi ya kilomita 3,500 ni euro 600 kwa mtu, ingawa kati ya saa 3 na 4 shirika linaweza kuikata nusu. Wakati wa kwenda, kanuni hiyo inawalinda tu mkiwa ndani ya ndege inayoendeshwa na shirika la Ulaya. Bei mbili zikilingana, hiyo ni sababu halali ya kuchagua TAP au Lufthansa badala ya shirika la Marekani. Tunzeni kadi za kupandia ndege.

Mabegi: jitahidini kila mtu awe na begi moja la mkononi la kilo 8. TAP hupima. Nguo za siku 4 zinatosha wiki. Viatu vizito vaeni.

Miji miwili, basi

Roma usiku 4, Napoli usiku 2. Kila mji mnaouongeza unakula nusu siku ya kufunga begi, kusubiri treni na kutafuta mlango wa hoteli. Ratiba za Roma, Firenze, Venezia na Milano kwa wiki moja zinapendeza kwenye karatasi tu. Firenze ni nzuri kwa wapenzi wa michoro, lakini chakula na malazi ya Napoli ni nafuu zaidi, na Pompei, magofu ya mji wa kale, iko mlangoni.

Mtatua Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, Alhamisi. Kuna treni mbili na wengi hupanda isiyo yao. Leonardo Express inakwenda Termini, kituo kikuu cha treni, bila kusimama kwa dakika 32, euro 14 kwa mtu. Treni ya mkoa FL1 ni euro 8, husimama Trastevere, Ostiense na Tiburtina, haifiki Termini. Kwa hiyo chagueni hoteli mkijua treni. Ukilala karibu na Ostiense, kituo kimeungana na metro ya mstari B, vituo viwili tu hadi Kolosseo. San Giovanni, ulio kwenye mstari A, ni mtaa wa wenyeji wenye bei za wenyeji. Kuzunguka Termini kuna vyumba rahisi vingi, ubora wake ukitofautiana kutoka jengo hadi jengo. Soma maoni ya miezi ya karibuni, na tafuta neno la kelele. Teksi nyeupe rasmi kutoka Fiumicino hadi ndani ya kuta za kale ni nauli maalumu ya manispaa, euro 55 kwa gari zima. Anayekufuata ndani ya ukumbi akisema "taxi, taxi" si huyo.

Hoteli ya nyota 3 mwezi Machi inapatikana kwa euro 85 hadi 110 kwa chumba. Kodi ya jiji haimo kwenye bei mliyoiona: Roma hutoza euro 6 kwa kila mtu kwa kila usiku katika nyota 3, euro 7.50 katika nyota 4, na hulipwa mnapofika au mnapoondoka. Mkichukua nyumba ya kupanga kwa siku chache, tafuteni kwenye tangazo namba ya utambulisho wa taifa, CIN, ambayo imekuwa ya lazima tangu Januari 2025. Tangazo lisilo nayo liacheni. Ubalozi nao unataka anwani iliyopo kweli. Na chagueni uhifadhi unaofutika bure, angalau hadi viza itoke.

Usafiri ndani ya Roma: tiketi ni euro 1.50 kwa dakika 100, mabasi mengi mtakavyo lakini metro mara moja. Gusisheni kadi ya benki kwenye geti au mashine ya basi, kila mtu kadi yake, kwa sababu kadi moja haihesabiwi abiria wawili. Basi namba 64 linalokwenda Vatikani na metro ya mstari A ndiko wezi wa mifukoni wanakofanya kazi. Simu isikae mfuko wa nyuma.

Kolosseo ni euro 18, pamoja na Foro Romano na kilima cha Palatino, kwenye tovuti rasmi ya mbuga hiyo. Tiketi hufunguliwa siku 30 kabla, zina majina, na mlangoni huonyeshwa pasipoti. Wekeni kengele ya simu kwa siku hiyo. Zikiisha mtabaki na waongozaji wanaouza tiketi hiyohiyo kwa bei maradufu. Ichukueni ya Ijumaa asubuhi. Makumbusho ya Vatikani ni euro 20 na 5 za kuhifadhi mtandaoni. Hufungwa Jumapili, isipokuwa ya mwisho ya mwezi ambapo kuingia ni bure na foleni haifai hata hiyo bure. Jumamosi saa mbili asubuhi ndiyo yenu. Kanisa kuu la Mtakatifu Petro ni bure. Mabega na magoti yafunikwe, na kanga moja begani inatosha. Pantheon ni euro 5. Jumapili adhuhuri Papa akiwepo husali Malaika wa Bwana dirishani, uwanjani hakuna tiketi.

Chakula ndicho kitu kinachotoboa bajeti bila mtu kujua. Kwenye baa kahawa ya kusimama kaunta ni kama euro 1.20, ukikaa mezani karibu na mnara maarufu inaweza kuwa mara tatu. Mchana kuleni pitsa inayokatwa na kuuzwa kwa uzito, mkionyesha kwa mkono ukubwa mnaotaka. Jioni mkae mgahawani. Kwenye bili mtaona coperto, malipo ya kukaa mezani, ya euro 1 hadi 3 kwa mtu, ni halali na hutangazwa kwenye menyu, na bakshishi hailazimiki. Maji ya mabomba ya barabarani ni safi, bebeni chupa. Nyama halali na vyakula vya kwetu, muhogo, bamia, pilipili, vinapatikana Soko la Esquilino karibu na Piazza Vittorio, asubuhi, na migahawa rahisi iko mitaa ya jirani.

Mashine za pesa zitawauliza kama mnataka kutozwa kwa dola. Jibu ni hapana kila mara: chagueni euro, na mtumie mashine za benki, si zile za njano na buluu zilizotapakaa kwa watalii. Kadi isiyo na makato ya ng'ambo inawaokoa takriban asilimia 3 ya kila kitu. Msikodi gari; katikati ya miji kamera huwatoza faini wasio na kibali cha eneo, na bili hufika Lowell miezi baadaye.

Jumatatu treni ya kwenda Napoli. Treni za kasi za Frecciarossa na Italo hutumia saa 1 na dakika 10 hivi kutoka Termini. Linganisheni zote mbili. Nauli ya mapema ya euro 15 hadi 25 inaweza kuwa mara mbili au tatu siku ya safari. Nauli hizo za chini zimefungwa kwenye treni moja: ikikupita, umenunua nyingine. Wanaojitolea "kusaidia" kwenye mashine za tiketi za Termini si wafanyakazi.

Jumanne Pompei. Hii ndiyo sababu nimepanga hivyo: makumbusho ya akiolojia ya Napoli hufungwa Jumanne, Pompei haifungwi. Pandeni treni ya Circumvesuviana kutoka Napoli Garibaldi, upande wa Sorrento, mshuke Pompei Scavi – Villa dei Misteri, kama dakika 40. Tiketi za Pompei nazo zina majina, na watu kwa siku wamewekewa kikomo cha 20,000. Majira ya baridi kuingia huisha saa tisa na nusu alasiri, kwa hiyo fikeni kabla ya saa nne asubuhi na maji na viatu bapa. Mawe ya barabara zake ni makubwa na yanateleza yakilowa. Makumbusho yatazameni Jumatatu jioni au myaache.

Hesabu yenu, nikiweka euro moja kwa dola 1.20: ndege mbili dola 1,240, viza na bima dola 180, hoteli usiku 6 na kodi zake euro 635, treni, metro na mabasi euro 115, viingilio euro 136, chakula euro 60 kwa siku kwa wawili, siku 6 na nusu, jumla 390. Hizo euro ni 1,276, yaani kama dola 1,530. Yote pamoja dola 2,950. Zinabaki 250, na ningeziacha bila kazi hadi mfike Napoli.

Jumatano, basi la Alibus kutoka Napoli Centrale hadi uwanja wa Capodichino ni euro 5. Fikeni saa mbili na nusu kabla. Kaunta wataomba green card yako pamoja na pasipoti. Iwe halisi mkononi, picha ya simu haikubaliki. Na kama safari iko kati ya Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya mwisho ya mwezi huo, kumbukeni Marekani imeshasogeza saa na Ulaya bado: tofauti ni saa 5, si 6, jambo la kuzingatia mnapomwambia mtu saa ya kuja kuwachukua Logan.